Karata, kura ya “nipo” na mswada wa kamera: miaka ya Obama kule Springfield

Msomaji mmoja wa Kisumu, kijana anayefanya kazi katika ofisi ya mwakilishi wadi, ameniandikia hivi: “Mwalimu, salamu. Nina ubishi na mjomba wangu na tumekubaliana wewe ndiwe utakayeuamua. Mjomba anasema Obama kabla ya kuwa mkubwa alikaa miaka minane katika bunge dogo la jimbo lake, akapiga kura za ‘nipo’ na kucheza karata, kisha wazee wa Chicago wakamwinua. Mimi nasema alitunga sheria. Nani mkweli? Na mtu anajuaje mjumbe wa ngazi hiyo kafanya nini, na ni nani waliokuwa nyuma yake?”

Ndugu yangu, mjomba hajakudanganya. Karata zilichezwa. Kura za “nipo”, yaani si ndiyo wala hapana, zilipigwa, karibu mara 130. Na mzee wa kumwinua alikuwepo kweli: aliitwa Emil Jones, na kabla ya siasa alikuwa mkaguzi wa mitaro ya maji taka mjini Chicago. Ila mjomba amekuhadithia nusu ya mchezo, tena nusu ya kwanza.

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa neno “jimbo”. Kwetu jimbo ni eneo la mbunge mmoja. Kwa Wamarekani, jimbo ni dola ndogo kamili: lina gavana, mahakama kuu, kodi zake, magereza yake na bunge lake. Illinois ina Baraza la Wawakilishi lenye watu 118 na Seneti ya watu 59, yote yakikutana Springfield, mji mdogo ulio kilomita zaidi ya 300 kusini-magharibi mwa Chicago. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2000, seneta mmoja wa Illinois aliwakilisha watu wapatao 210,000. Kwa hiyo Obama alikuwa “seneta” mara mbili, na ni vyeo viwili tofauti: seneta wa jimbo kuanzia Januari 1997 hadi Novemba 2004, kisha Seneta wa Marekani kuanzia Januari 2005. Nyumbani tulimjua kwa cheo cha pili, tena kwa kishindo. Hata bia ya Senator iliyoingia sokoni mwaka ule wa 2004 wanywaji waliibatiza Obama. Unachouliza wewe ni kile cheo cha kwanza, kisichokuwa na bia.

Alifikaje huko? Baba yake wa Kogelo mnamjua kuliko mimi, sitawachosha. La muhimu kwa swali lako ni kwamba Chicago hakuwa mtoto wa nyumbani. Alizaliwa Honolulu mwaka 1961, akasoma Los Angeles na New York, akahamia Chicago mwaka 1985 kufanya kazi ya kuwakusanya wakazi wa mitaa ya kusini, sehemu kama Roseland na nyumba za umma za Altgeld Gardens, ili wadai haki zao: asbesto iondolewe kwenye nyumba, kazi za vijana zipatikane. Akaenda Harvard kusomea sheria mwaka 1988, akarudi, mwaka 1992 akaongoza kampeni ya kuandikisha wapiga kura, akaingia katika kampuni ndogo ya mawakili wa haki za raia na kufundisha sheria ya katiba Chuo Kikuu cha Chicago.

Siasa za mji huo zina kisa kimoja alichokuwa akikisimulia Abner Mikva, aliyekuja kuwa mbunge na jaji na mmoja wa walezi wa Obama. Mwaka 1948, akiwa mwanafunzi, Mikva aliingia ofisi ya chama mtaani akajitolea kusaidia kampeni. Mzee wa ofisi akamuuliza: nani amekutuma? Akajibu: hakuna. Mzee akamwambia: hatutaki mtu asiyetumwa na mtu. Basi hiyo ndiyo Chicago. Obama alikuwa mtu asiyetumwa na mtu, na alilijua hilo mapema.

Njia aliyoipita kuingia kwenye kiti haikuwa laini, na hapa ndipo mashabiki wake hupenda kukohoa na kubadilisha mada. Kiti cha wilaya ya 13 kilikuwa cha mama mmoja mwanamapambano, Alice Palmer. Mwaka 1995 Palmer aliamua kuwania Bunge la Taifa, akamtaja Obama kuwa mrithi wake. Novemba akashindwa vibaya katika mchujo wa kiti kile. Wafuasi wake wakamwendea Obama: tafadhali mpishe mama arudi. Obama akakataa. Palmer akakusanya sahihi haraka haraka ili jina lake lirudi kwenye karatasi ya kura. Zilihitajika 757, akawasilisha zaidi ya 1,500. Watu wa Obama wakaketi ofisi ya tume ya uchaguzi wakizipitia moja baada ya nyingine: huyu ameandika jina kwa herufi kubwa badala ya kutia sahihi, huyu anuani yake si ile ya daftari, huyu anaishi nje ya wilaya. Zikaanguka nyingi kiasi kwamba Palmer alijiondoa. Wapinzani wengine watatu walienguliwa kwa njia iyo hiyo. Siku ya mchujo, Machi 1996, kwenye karatasi ya Democrat palikuwa na jina moja tu.

Kisheria hana kosa. Sheria inasema sahihi halali, naye alidai sahihi halali. Lakini mtu aliyejijengea jina kwa kuandikisha wapiga kura alianza utumishi wake kwa kuwanyima chaguo. Mimi hulitaja hili darasani si kwa ajili ya kumpaka matope. Nalitaja kwa sababu linaonyesha tabia utakayoiona tena na tena: anasoma kanuni mpaka nukta ya mwisho, kisha anaitumia.

Sasa Springfield. Januari 1997 anaapishwa, na chama chake kiko upande wa wachache katika Seneti. Sijui mwakilishi wadi wako yuko upande gani, lakini akiwa upande wa wachache mwonyeshe aya hii. Illinois, mswada haufi kwa kupigiwa kura ya hapana. Unapelekwa Kamati ya Kanuni, ambayo wajumbe wake wengi ni wa chama kinachotawala, unaketi humo mpaka kipindi kinaisha. Hakuna aliyeupinga, hakuna wa kulaumiwa. Ndiyo maana ukihesabu sheria za Obama za miaka sita ya kwanza utamdhania mvivu. Warepublican ndio walioshika ufunguo.

Mswada wake wa kwanza kujadiliwa ulikuwa jambo dogo, orodha ya wahitimu wa vyuo vya jamii kwa ajili ya waajiri. Seneta Rickey Hendon, Democrat mwenzake kutoka magharibi mwa Chicago, alisimama akajifanya hajui jina lake linavyotamkwa, akamuuliza kama ni la Kiayalandi. Obama akamjibu kwamba litakuwa la Kiayalandi siku atakapogombea kaunti nzima. Bunge likacheka. Ilikuwa kawaida ya kuwatania wageni, lakini kati ya hao wawili palikuwa na kitu zaidi ya utani. Mwaka 2002 nusura wapigane ngumi pale pale ukumbini, baada ya Obama kupiga kura iliyoumiza ofisi ya ustawi wa watoto katika eneo la Hendon. Weusi wenzake kadhaa walimwona mtu wa Harvard aliyekuja kuwapita. Wazungu wa vijijini nao walimwona wa Chicago. Hapo ndipo karata zinapoingia.

Mchezo ulikuwa poka, jioni moja kwa wiki, nyumbani kwa Seneta Terry Link. Walikaa maseneta wa mashambani na wa vitongoji, na wakati mwingine washawishi wa kampuni, wale wanaolipwa kuwashika wabunge mkono. Pesa za mezani zilikuwa ndogo, za kununua chakula. Obama, kwa maelezo ya waliocheza naye, alikuwa bahili: haweki pesa mpaka ana karata nzuri. Sasa mjomba anaona uvivu hapo. Mimi naona mtu asiyetumwa na mtu akijitafutia wa kumtuma. Seneta wa wachache asiye na marafiki upande wa pili hapitishi hata azimio la kumpongeza kocha wa shule.

Na ushahidi ni sheria ya mwaka 1998 ya kupiga marufuku zawadi. Paul Simon, aliyekuwa amestaafu Seneti ya Marekani, alitaka Illinois isafishwe kidogo, akapendekeza kijana mgeni ashike upande wa Democrat katika mazungumzo. Upande wa Republican alikuwepo Kirk Dillard. Kabla ya hapo, mwanasiasa wa Illinois aliweza kuchukua fedha za kampeni akanunua gari au kulipa karo ya mtoto, bila kuvunja sheria. Sheria mpya ikakataza hilo, ikakataza sehemu kubwa ya zawadi za washawishi, ikataka taarifa za michango ziwekwe kwa kompyuta ili mwananchi azisome. Waandishi waliiita mageuzi makubwa zaidi ya maadili jimboni humo tangu miaka 25 nyuma.

Lakini isome mpaka mwisho. Ndani yake kuna kifungu kinachosema pesa ambazo mjumbe alikwisha kuzikusanya hadi tarehe 30 Juni 1998 anaweza kuendelea kuzitumia kwa mambo yake. Yaani wazee waliotunga sheria ya kuzuia ulaji walijiachia sahani zao. Bila kifungu hicho mswada usingepita, kila aliyekuwepo anakiri. Kisha hakukuwa na kikomo cha mchango. Tajiri au kampuni iliweza kuandika hundi ya kiasi chochote. Kikomo kilikuja kuanza kutumika Januari 2011, baada ya Gavana Rod Blagojevich kuondolewa kwa aibu. Weka hilo akilini tunapofika kwenye swali lako la nani alikuwa nyuma yake.

Nipitie “nipo” haraka, maana watu wameijaza chumvi. Mjumbe wa Illinois ana vitufe vitatu: ndiyo, hapana, nipo. Mswada hupita kwa wingi wa viti vyote, si wa waliopiga kura: Seneti kura 30 kati ya 59. Hivyo “nipo” haisaidii mswada hata chembe. Kwa matokeo ni sawa na hapana, ila haina makali ya hapana kwenye bango la mpinzani wako wakati wa uchaguzi. Obama alipiga kura zipatazo 4,000 katika miaka hiyo, na “nipo” karibu 130. Nyingi alipiga pamoja na chama, au kwa hoja ya kikatiba. Chache zilikuwa za kukwepa, na kundi moja lilikuwa mkakati uliopangwa nje ya bunge kabisa: shirika la uzazi wa mpango la Planned Parenthood la Illinois liliwaomba maseneta wanaoliunga mkono wabonyeze “nipo” kwenye miswada ya utoaji mimba, ili wenzao wa maeneo magumu wapate kichaka cha kujifichia. Kwa hiyo ukitafuta ushawishi wa nje kwa kutazama hundi peke yake, huu hutauona. Haukuacha risiti.

Kura iliyomgharimu zaidi ni ile ambayo hakuipiga. Desemba 1999 gavana aliita kikao maalumu kuhusu sheria ya bunduki. Obama alikuwa Hawaii na familia, binti yake wa kwanza, mwenye umri wa mwaka mmoja na nusu, akaugua, hakurudi. Mswada ukaanguka kwa kura chache. Wakati huo huo alikuwa akiwania kiti cha Bunge la Taifa cha Bobby Rush, mkongwe wa Black Panther, kundi la wanaharakati weusi, ambaye mtoto wake wa kiume alikuwa ameuawa kwa risasi miezi michache kabla. Unaweza kukisia magazeti yaliandika nini. Machi 2000 Rush alipata asilimia 61, Obama 30.

Nafikiri kipigo hicho ndicho kilichomfundisha hesabu. Mwaka 2001 ukafika wakati wa kuchora upya mipaka ya wilaya. Vyama viliposhindwa kukubaliana, katiba ya Illinois inasema mwamuzi apatikane kwa bahati nasibu. Na jimbo lile, kwa mapenzi yake kwa Lincoln, likaweka majina mawili ndani ya kofia ndefu iliyotengenezwa kwa mfano wa yake. Likatoka jina la Democrat. Mwanadamu anasoma Harvard, anaandikisha wapiga kura, anacheza poka, kisha mustakabali wake unatoka kofiani! Ramani mpya iliwapa Democrat wingi wa Seneti katika uchaguzi wa Novemba 2002. Ya Obama ilifanya zaidi: aliketi mwenyewe na mtaalamu wa ramani wa chama, na wilaya yake, iliyokuwa imeelekea magharibi kwenye mitaa maskini ya weusi, ikanyooshwa kaskazini kando ya ziwa mpaka Gold Coast, kwenye maghorofa ya matajiri. Alipata wapiga kura wapya, na wapiga kura hao walikuwa na vitabu vya hundi.

Januari 2003 Emil Jones anakuwa Rais wa Seneti. Walifahamiana tangu miaka ya 1980, Obama alipokuwa akiwaleta wakazi barabarani karibu na nyumbani kwa mzee. Sasa kijana akamwendea, akamwambia mzee una uwezo mkubwa. Uwezo gani? Wa kumtengeneza Seneta wa Marekani. Nani basi? Mimi. Jones mwenyewe alikuwa akisimulia kisa hiki kwa kicheko. Na akamtengeneza: alimpa uenyekiti wa kamati ya afya na huduma za jamii, akampa miswada ya kubeba. Mwaka 2003 peke yake zaidi ya 20 za miswada aliyoidhamini zikawa sheria. Mtu yule yule, kiti kile kile. Kilichobadilika ni aliyeshika rungu. Wenzake wakanung'unika kwamba wao ndio waliolima na kupalilia, yeye akaitwa siku ya kuvuna. Mswada wa ubaguzi wa polisi barabarani, kwa mfano, Hendon alikuwa ameuhangaikia kabla. Manung'uniko hayo yalikuwa na haki yake.

Nikuonyeshe miwili kwa karibu, kwa sababu hapo ndipo ubishi wenu unapoamuliwa.

Wa kwanza ni wa kamera. Tangu 1977 Illinois ilikuwa imewaua kwa sindano ya sumu watu 12, na katika kipindi hicho hicho watu 13 waliohukumiwa kufa waligundulika hawakustahili hukumu hiyo. Gavana George Ryan, Republican, akasimamisha adhabu hiyo mwaka 2000, na Januari 2003, siku zake za mwisho ofisini, akawaondolea hukumu ya kifo watu 167. Nyuma ya baadhi ya kesi hizo palikuwa na kituo cha polisi kusini mwa Chicago ambako kamanda Jon Burge na vijana wake waliwatesa washukiwa weusi mpaka wakakiri. Obama akaleta mswada kwamba mahojiano ya mshukiwa wa mauaji yarekodiwe. Polisi walipinga. Waendesha mashtaka walipinga. Blagojevich, gavana mpya wa chama chake mwenyewe, alisema hautaki.

Alichofanya ni kukaa nao kwa miezi. Polisi walisema vifaa hatuna. Wakapewa miaka miwili kabla sheria kuanza kutumika, na sauti peke yake ikakubaliwa pale ambapo video haipo. Waendesha mashtaka walisema muuaji ataachiwa kwa sababu betri iliisha. Ikaandikwa kwamba maungamo yasiyorekodiwa yatahesabiwa hayafai, lakini jaji anaweza kuyapokea yakithibitishwa yalitolewa kwa hiari. Ikabaki mauaji tu, makosa mengine yakaachwa. Seneti ikaupitisha bila hata kura moja ya kupinga, na Julai 2003 gavana yule yule akautia sahihi. Alaska na Minnesota zilikuwa zimelazimishwa na mahakama zao. Illinois ilikuwa jimbo la kwanza kufanya hivyo kwa sheria ya bunge. Hapa aliachia mengi, ila kitu chenyewe kilibaki: mlango wa chumba cha mahojiano ulifunguliwa.

Wa pili ni wa afya, na huu mjomba ataupenda. Mswada wa Haki ya Huduma ya Afya, kama ulivyoingia, ulitaka kamati maalumu ibuni mpango wa kuwapa bima watu wote wa Illinois, na bunge liwajibike kuutekeleza. Kampuni za bima zikashtuka, zikaona mlango wa nyuma wa bima ya serikali. Washawishi wao wakaja na hoja ya kisheria kwamba bunge la leo haliwezi kulifunga bunge la kesho, hoja ambayo kusema kweli ina nguvu, na wakaja na maneno ya kuweka badala yake. Obama akayapokea. Mswada ulipotoka mwaka 2004, bunge halikulazimishwa tena, “lilihimizwa sana”. Kamati iliundwa, ikakutana, ikaandika ripoti yake mwaka 2007, na bima kwa wote haikuja kupitia njia hiyo. Huu naona ulitoka ngozi bila nyama. Si lazima pesa iwe ilipita. Kampuni za bima zilichangia wanasiasa wengi wa Springfield, naye alipokea michango ya washawishi na ya kamati za kampuni wakati huo, jambo aliloliacha alipowania urais. Lakini ukiuliza kalamu ya nani iligusa mswada, kalamu ya bima iligusa.

Kwa hiyo kuhusu waliokuwa nyuma yake, nisingekupa jina moja. Palikuwepo Jones na chama. Palikuwepo wasomi huru wa Hyde Park, mtaa wa Chuo Kikuu cha Chicago, kama Mikva. Palikuwepo mifuko ya hisani ya Woods na Joyce, ambayo alikaa kwenye bodi zake mpaka 2002. Joyce ilifadhili sana utafiti wa kudhibiti bunduki, na msimamo wa Obama kuhusu bunduki ulifanana na wa mfuko huo. Na alikuwepo mjenzi Tony Rezko, mchangishaji wake tangu kampeni ya kwanza. Mwaka 1998 Obama, akiwa seneta wa jimbo, aliandika barua za kuunga mkono mradi wa nyumba za wazee ambao Rezko alikuwa na hisa ndani yake. Alisema ni kwa sababu wazee wa wilaya yake walihitaji nyumba, na walihitaji kweli. Mwaka 2005 alinunua nyumba yake siku moja na familia ya Rezko kununua kiwanja cha ubavuni, baadaye akanunua kipande cha kiwanja hicho. Rezko alikuja kupatikana na hatia ya rushwa mwaka 2008, katika mambo yasiyomhusu Obama. Obama hakushtakiwa kwa lolote, na mwenyewe aliliita suala la nyumba kosa la kijinga. Nami nalisoma hivyo hivyo, kijinga, tena kwa mtu aliyesoma kila sahihi ya Alice Palmer.

Unauliza mtu anajuaje haya. Tovuti ya bunge la Illinois inaweka kila mswada pamoja na kila marekebisho na kila kura. Bodi ya uchaguzi ya jimbo inaweka majina ya wachangiaji. Anza na mswada ulivyoingia, uweke kando ya ulivyotoka, upige mstari penye tofauti, kisha uulize kila mstari ulikuwa na faida kwa nani. Hesabu ya sheria ngapi mtu “amepitisha” iache mpaka mwisho, maana haikwambii lolote kama hujajua chama gani kilishika Kamati ya Kanuni mwaka huo. Kwenu kaunti kumbukumbu rasmi za vikao zipo, na mswada wa kwanza uliochapishwa upo. Shida ni kupata marekebisho ya kamati, na kwa kuwa uko ndani ya ofisi hiyo, una bahati kuliko mimi. Omba nakala.

Obama alijiuzulu Seneti ya Illinois Novemba 2004 baada ya kumshinda Alan Keyes kwa kupata asilimia 70 ya kura za kiti cha Seneti ya Marekani. Kiti kikapewa Kwame Raoul, mwanasheria, mtoto wa wahamiaji kutoka Haiti. Raoul ndiye aliyedhamini katika Seneti mswada uliofuta kabisa adhabu ya kifo Illinois, uliotiwa sahihi Machi 2011, na mwaka 2013 sheria ya kurekodi mahojiano ikapanuliwa kutoka mauaji hadi makosa mengine makubwa, ambayo mwaka 2003 polisi walikuwa wamegoma kuyasikia.